Mfupa Ambao Ng'ombe Hana

Mapendo mwanangu,

Nimekaa hapa buchani juu ya gogo la kukatia nyama, ni mchana, mlango uko wazi na nyama hakuna. Kila anayepita anachungulia: "Papa Mapendo, leo hakuna kitu?" Nawajibu hakuna kitu, endeni zenu. Nakuandikia kwa sababu tangu Jumapili wewe na mimi hatusemezani, na kila nikifungua kinywa nyumbani mama yako ananikanyaga mguu chini ya meza. Hapa hayupo wa kunikanyaga, kwa hiyo leo nitasema mpaka nimalize.

Kesho asubuhi ndiyo gari la Mbarara. Chuo cha unesi kimekupa fasi uliyoihangaikia mpaka ukakonda. Na wewe umesema huendi. Umesema utabaki hapa kambini Nakivale unikatie nyama mpaka bega langu lipone, mwaka mmoja tu, halafu utaenda. Mimi nasema unaenda kesho. Barua yote ni hiyo, yanayofuata ni maelezo. Lakini yasome, maana nimeyatafuta kwa shida.

Mambo ya sabuni na shuka, na nani wa kumsalimia na nani wa kumkwepa, mama yako amekwisha kuanza kukuambia tangu juzi na hatanyamaza mpaka gari liondoke. Mimi hayo siyagusi.

Kwanza tumalize ya kanisani. Papa Elia ni mzee wa kanisa, namheshimu, tumekimbia naye kutoka kwetu Fizi njia moja. Lakini alivyosimama Jumapili mbele ya batu bote na kukunyooshea kidole, damu yangu ilichemka. "Ndugu zangu, muangalie huyu mutoto," alisema. "Ameacha masomo juu ya baba yake mwenye bega bovu. Huyu njo mutoto!" Wamama wakapiga vigelegele. Wewe ukainamisha kichwa kama mtu anayevikwa taji asilolitaka. Nikasimama. Nikauliza, "Nani amemuomba?" Nikasema tena, "Mimi sikumuomba abaki. Mutu asimupigie vigelegele." Mama yako alinivuta koti mpaka kifungo kikatoka. Ukatoka nje unalia.

Wanasema nilikuaibisha. Labda. Lakini vile vigelegele, Mapendo, nilivisikia kama vya mazishi, na maiti ni mimi nimekaa kwenye benchi natoa jasho. Walikuwa wamekwisha kunizika, na wewe wamekupa kazi ya kulinda kaburi. Kwa hilo siombi msamaha. Papa Elia akitaka, tukutane tena Jumapili ijayo.

Sasa nirudi nyuma kidogo.

Ulishika kisu ungali msichana mdogo wa shule, mabega yako hayafiki juu ya meza. Batu mingi walisema mwanamke hakati nyama buchani, si desturi. Kuna mama aliacha kabisa kununua kwetu, akawa anakwenda kule mbali kwa Warundi. Akarudi mwenyewe baada ya muda, maana nyama yako haikuwa na vipande vya mfupa vya kuvunja watu meno. Nilikufundisha kwamba kisu hakipigani na mfupa. Unashika mguu, unauchezesha, unasikiliza kwa kidole pale unapocheza, unaingiza ncha hapo, unakata zile kano nyeupe, na kiungo kinafunguka chenyewe. Ulielewa haraka kuliko mimi nilipofundishwa. Wakati wengine wanapiga shoka, wewe ulikuwa umekwisha kumaliza paja zima unaimba.

Halafu ukaleta kile kitabu cha mifupa kisicho na jalada, ulichopewa na nesi wa kituo cha afya. Ukaanza kuita majina. Fupa la paja. Pia ya goti. Muundi. Mbavu za kweli na zile zinazoelea. Na kile kimfupa cha mwisho wa mgongo, kifandugu, ambacho kwetu ni cha kuwapa mbwa. Ulikuwa ukisoma mimi nakata, na mimi nilijiona profesa, bwana! Kila ulichosoma kwenye karatasi mimi nilikuwa nimekishika mkononi, na joto lake. Uliposoma habari za gegedu, ile ngozi laini inayofunika vichwa vya mifupa ili visisagane, nilikuonyesha hapo hapo kwenye nyonga ya mbuzi, inang'aa kama ndani ya sahani. Nikasema huyu mtoto anasoma kazi yangu.

Mpaka siku ile Mugisha, mwuza ng'ombe wetu, alipoleta dume kutoka mnada wa Endiinzi. Unalikumbuka lile dume, pembe ndefu hivi. Ulikuwa unachuna mguu wa mbele nami nikakuambia, "Kata hapo kwenye goti."

"Papa, hii haiko goti."

"Ni nini basi? Ni pua?"

"Ni kifundo cha mkono." Ukaulaza mkono wako kando ya ule mguu. "Angalia. Bega hili hapa. Kiwiko kiko huku juu, karibu na kifua. Hapa ni kifundo, chini yake mfupa wa kiganja, halafu vidole. Ng'ombe anatembelea kucha za vidole vyake."

"Tangu ujana wangu nakata goti, leo unaniambia ni mkono!"

Mugisha alishika mbavu zake akacheka mpaka akakaa chini kwenye damu. "Banange, Mzee! Mtoto amekushinda leo!"

Nilinuna siku nzima. Lakini jioni ile nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaweka mikono na magoti chini kama ng'ombe, nikaangalia mkono wangu unavyokunjika na mguu wangu unavyokunjika. Mama yako akanikuta katika hali hiyo, akapiga kelele akidhani nimeanguka kifafa. Ulikuwa umesema kweli. Goti la mbele la ng'ombe si goti. Sikukuambia, na nisingekuambia hata leo kama usingenilazimisha.

Na ukaendelea kunichokoza. Ukasema nyama ya mwili haijui kusukuma, kazi yake ni kuvuta tu. Nikachukua toroli la maji nikalisukuma mbele yako mpaka bombani na kurudi: je, hii ni nini? Ukanishika mkono, ukaweka vidole vyangu nyuma ya mkono huu wa juu, ukasema nyoosha. Nikanyoosha, nikaisikia nyama ya nyuma inajikaza inavuta, na ile ya mbele inalegea kuiachia. Moja inavuta, mwenzake anaachia. "Unaona, Papa? Hata ukisukuma, kuna anayevuta." Nikakuambia nenda kapike.

Haya. Sasa bega.

Wewe ulikuwa shuleni Isingiro, kidato cha mwisho. Mvua ilikuwa inanyesha na barabara ya kutoka machinjioni imekuwa sabuni. Nilikuwa nyuma ya pikipiki na paja zima la ng'ombe begani, tukateleza, nikaangukia bega la kulia na paja likaniangukia mimi. Nilisikia "ka!" Palivimba hapa chini ya shingo. Mama yako akasema twende kituo cha afya. Na mimi, Mapendo, mimi nilimpa darasa. Nilimwambia, "Mama Mapendo, ng'ombe wangapi nimewatoa mikono ya mbele? Mkono wa mbele haushikwi na mfupa. Unaingiza kisu kati ya bega na mbavu, unakata nyama, mkono wote unatoka mzima bila kugusa mfupa hata mmoja. Ni nyama tu inayoushika. Nyama imeumia, nyama itapona." Akakubali, maana katika mambo ya mifupa nani alikuwa na neno juu yangu katika mtaa huu? Nikafunga bega kwa kitenge chake siku mbili tatu, kisha nikashika shoka.

Nililipandisha shoka lile na machozi yananitoka, na wateja nawaambia ni moshi. Niliona fahari. Nilisema huyu ndiye mwanaume, anafanya kazi mpaka maumivu yachoke yenyewe.

Ukarudi likizo. Asubuhi ile uliniangalia, jinsi bega moja lilivyoshuka na kuja mbele. Ukanawa mikono. Watu wamejipanga wanangoja nyama. Ukaja nyuma yangu, ukaweka kidole kwenye kishimo cha koo, ukakipitisha kuelekea bega la kushoto, kikaenda bila kukwama. Ukakirudisha, ukakipitisha upande wa kulia. Katikati kikapanda mlima.

"Papa," ulisema, pole pole, "huu ni mtulinga. Ulivunjika, ukajiunga vibaya, umepandana."

"Ni nyama."

"Iko mfupa, Papa. Ng'ombe hana. Mbuzi hana. Wao mikono yao ni ya kutembelea tu, haiendi pembeni. Mutu ndiye anao, njo unamsaidia kunyoosha mkono na kuupandisha juu." Ukatafuta namna ya kunielewesha, ukasema ni kama ule mti unaosukuma shitingi, lile turubai, kwa nje ili hema lisianguke ndani. Ukivunjika, bega linaanguka ndani.

Nikakufukuza. Mbele ya wateja wote nilikupigia kelele utoke kwenye bucha yangu. Ukatoka umesimama wima, na hilo lilinipendeza hata katika hasira yangu.

Ulipoondoka niligeuka kwa ng'ombe aliyekuwa ananing'inia. Nikatafuta. Upande huu nikapapasa, hakuna. Upande ule, hakuna. Wateja wanauliza, "Papa Mapendo, umepoteza pete?" Kisha nikaingiza mkono ndani ya shati nikajigusa mwenyewe, upande mzima na upande mbovu. Maisha yangu yote nimekaa na ule mfupa chini ya kola ya shati, nauona kwa kila mtu mwembamba anayepita njiani, na sikuwahi kujiuliza unafanya nini pale.

Unajua kinachoniuma ni nini? Sikuwa mjinga. Nilichosema kilikuwa kweli. Nenda sasa hivi kamkate ng'ombe yeyote wa Endiinzi utaona nilisema kweli. Nilikuwa na hakika ya ng'ombe, nikaitumia kwa mtu, na hakika yangu ndiyo iliyonivunja zaidi ya pikipiki. Kama ningekuwa fundi wa viatu ningeenda kituoni siku ile ile kama watu wengine.

Kwa hiyo utakapovaa ile nguo nyeupe yako, utakutana na mimi. Nitakuja mara nyingi, na sura mbalimbali. Nitakuwa mzee mmoja kutoka Rugaaga, mkulima, ameanguka na mkungu wa ndizi, anacheka, anakuambia si kitu, nyama tu, nipe dawa ya kuchua niondoke. Usimwamini. Usimgombeze pia, ukimgombeza ataondoka. Fanya kama ulivyonifanyia mimi, pitisha kidole pole pole, upande mzima kwanza ili ujue uzima wake ulivyo, halafu upande mbovu. Mbele ya watu lakini hapana. Mpeleke pembeni. Mwanaume mjinga akiwa peke yake anaweza kukubali jambo, mbele ya watu atakufa nalo.

Na mikono yako. Nilikufundisha kuchezesha kiungo mpaka upate pale kinapofunguka. Hiyo iache hapa, Mapendo, isipande gari na wewe. Kule mguu una mwenyewe, yu hai. Muulize kwanza panauma wapi, kabla ya kumgusa. Mimi najua mfupa wa mezani, mweupe, baridi, hausemi kitu. Uliposoma kwamba mfupa uko hai, una damu yake, ndani ya uloto wake ndimo damu inamotengenezwa, na ukivunjika unajijenga wenyewe kama vile unashona nguo, nilidhani unanidanganya. Sasa najua ni kweli kwa sababu wa kwangu ulijijenga, bila kuniuliza, na kwa kuwa sikuushikilia sawa ulijijenga upande upande. Huo ndio mfupa unaokwenda kuujua wewe. Mimi kwa huo nimefika mwisho wa elimu yangu.

Kule Mbarara watakuambia mengi. Watakuuliza Kiswahili gani hicho cha fasi na mingi. Watasema mkimbizi, watasema mtoto wa bucha anataka kushika wagonjwa, atawakata kama nyama. Hapa kwetu pia wanasema, usidhani siwasikii: atasoma, halafu atafanya kazi wapi, na karatasi za nani? Waambie ndiyo, mimi mkimbizi, ndiyo, mtoto wa bucha. Usieleze zaidi. Ukianza kuwaeleza watakutafutia swali jingine. Rudi kwenye kitabu chako.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo tunapogombana.

Unasema utabaki mpaka bega lipone. Hasira yangu ilipopoa tulikwenda pamoja hospitali ya Mbarara, wakapiga picha ya mfupa, ulisimama kando yangu wakati daktari anaiinua kwenye mwanga. Ulisikia alichosema. Wangeweza kuukata mfupa na kuupanga upya, na hakuwa na ahadi, na mimi nilikataa, kwa akili zangu timamu. Basi unangoja nini? Mapendo, bega limekwisha kupona. Hivi ndivyo lilivyopona. Mkono huu hautapanda juu ya sikio langu tena, si mwaka huu, si mwaka kesho, hata ukae hapa mpaka nywele zako ziwe nyeupe. Unaweza kungoja ugonjwa uondoke. Huwezi kungoja umbo libadilike. Wewe ndiye uliyenifundisha hayo, kwa nini kwangu unajifanya hujasoma?

Najua ni kwa nini. Unanipenda na unaogopa. Mimi pia. Tangu uzaliwe hatujawahi kulala mbali ila ile shule ya Isingiro, na huko nilikuwa najua nikiamka mapema nakufikia kabla ya jua la mchana. Buchani nikisema neno bila kugeuka, wewe umekwisha kunipa kisu. Sijui nitasema na nani. Nimeandika, basi, umeona, nimesema. Lakini woga wangu siutaki uwe kamba mguuni mwako, na wako siutaki uwe mkongojo wangu. Sikukubeba mgongoni nikikimbia kutoka Fizi ili uje unishike mkono hapa.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Mama yako analijua, alilia, kisha akasema sawa.

Leo asubuhi Mugisha alikuja na gari lake. Amechukua visu vyote, na ndoano, na mizani, na shoka. Bucha ni yake kuanzia leo. Hili gogo nililokalia atalifuata jioni, na ndiyo sababu naandika haraka. Mimi nitafanya kazi naye, nitakwenda minadani Endiinzi kumchagulia ng'ombe walio hai. Nitamtazama ng'ombe anavyotembea, nitajua mguu upi una shida, na kwa kazi hiyo sihitaji kuinua kitu chochote zaidi ya macho. "Mzee, wewe utakuwa bosi yangu sasa, ssebo," ndivyo alivyoniambia kwa heshima ya kwao, na anacheka. Nimemwambia mshahara wa bosi aanze kuuandaa.

Kwa hiyo hakuna nyama ya kukata hapa. Hakuna kisu. Ukibaki, hutabaki kwa ajili ya bega langu wala kwa ajili ya bucha, utabaki kwa ukaidi wako tu, na katika nyumba hii kuna fasi ya mkaidi mmoja, amekwisha kuipata.

Kesho nitakubebea sanduku mpaka kwenye gari. Bega la kushoto ni zima kabisa, wewe mwenyewe ulilipima. Tutapita mbele ya nyumba ya Papa Elia, taratibu, nataka atuone. Ukinyoosha mkono kunipokea lile sanduku, nitalitua palepale katikati ya njia nilikalie, na gari litatungoja sisi wote wawili.

Papa yako